Stakabadhi ya Picha

Wajukuu zangu, sogeeni. Leo siwasimulii habari za sungura wala fisi. Nasimulia habari za picha, na zinaanzia kaskazini mwa rasi yetu hii ya Bangwe, huko maboti ya Kibirizi yanakoelekea: hifadhi ya Gombe.

Julai 1960 alishuka ufukweni kule binti wa Kiingereza, Jane Goodall, pamoja na mama yake. Aliyoyaona kwa sokwe aliyaandika daftarini. Baadaye Watanzania wa vijiji vya jirani wakaifanya kazi hiyo, wakimfuata sokwe mmoja kutwa nzima na kuandika kala nini, kakaa na nani. Makaratasi yakarundikana hata kuingizwa kwenye kompyuta huko Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota kisha Duke. Goodall mwenyewe alifariki Oktoba 2025, lakini kuandika hakukukoma.

Siku hizi nje ya hifadhi wapo walinzi wa misitu wa vijiji. Taasisi ya Jane Goodall iliwapa simu zenye programu ya ODK, iliyoanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Mlinzi akikuta kisiki kibichi, mtego wa waya au kiota cha sokwe, anajaza fomu, anachukua alama za GPS, anapiga picha. Porini hakuna mtandao, basi fomu inangoja simuni mpaka atakapoupata.

Sasa hiyo picha ilale wapi?

Ipo njia ya mkato, na wengi wanaipenda. Picha inageuzwa kuwa herufi kwa utaratibu uitwao Base64, kisha inasokomezwa ndani ya rekodi, pamoja na tarehe na jina la kijiji. Kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo picha ya megabaiti 3 inafika 4. Hifadhidata nyingine zina kikomo: Firestore ya Google, toleo lake la kawaida, haipokei rekodi inayozidi mebibaiti 1, na MongoDB hukomea mebibaiti 16. Hata picha ikikubalika, kila nakala ya akiba inabeba picha zote upya, na anayetaka kusoma maneno matatu tu anaweza kujikuta anashusha picha nzima kwa bando lake mwenyewe. Mimi naiita uvivu.

Mfanyabiashara wa dagaa haendi benki na magunia kichwani. Magunia yanabaki ghalani, yeye ana stakabadhi mfukoni. Rekodi nayo ibaki na stakabadhi, yaani jina la faili au kiungo, na picha ikae kwenye ghala la wingu. Seva ya ODK iitwayo Central huweka picha ndani ya hifadhidata yake ya PostgreSQL, lakini tangu 2024 inaweza kuelekezwa kuzipeleka kwenye hifadhi ya nje.

Kuhamisha picha zilizokwisha kusokomezwa kwenye rekodi ndiko kwenye kazi, na hapo mpangilio ni kila kitu. Kwanza nakala ya akiba ya yote. Kisha rekodi chache chache: unazitoa herufi, unazirudisha kuwa picha, unaipigia hesabu ya SHA-256, inayokupa mfuatano wa alama 64. Ikibadilika hata baiti moja, mfuatano unakuwa mwingine. Mfuatano huo ndio uwe jina la faili. Umeme ukikatika katikati, nao hukatika, ukianza tena picha ileile itarudi kwa jina lilelile, haitazaa pacha. Ukishaipandisha, ishushe, ipigie hesabu upya. Zikilingana, andika jina hilo kwenye rekodi. Kufuta herufi za zamani kunakuja mwisho kabisa, tena si siku hiyohiyo. Na msishangae mkizifuta na nafasi iliyojaa kwenye diski isipungue: PostgreSQL hairudishi nafasi yote kwa mfumo mpaka uiamuru ifanye usafi wa kina.

Nimewaona vijana hodari wakianza na kufuta ili wapate nafasi. Hao hawana cha kuwatetea.

Tena kuna hatari ambayo fundi wa kompyuta hukawia kuiona. Picha ya simu mara nyingi imebeba ndani yake alama za GPS. Picha ya kiota ikiachwa wazi mtandaoni, jangili amepata ramani bure. Picha ya mlinzi ikiachwa wazi, mkata miti aliyemkasirikia amepata sura yake. Ghala lifungwe, na viungo vya kufungulia picha viwe vya kufa baada ya dakika chache, apewe tu mwenye ruhusa.

Basi siku mtakapokabidhiwa kazi ya namna hii, iwe ya msitu, ya zahanati au ya mialo yetu ya dagaa, kaeni kwenye kompyuta nyingine ambayo haikuhusika na uhamisho, mfungue picha kadhaa kutoka winguni, mzitazame kwa macho yenu. Zikifunguka zote, futeni herufi za zamani.