Barua Pepe ya Vitisho Kutoka Anuani Yako Mwenyewe
Kijana wetu anayesomesha Mitundu, Singida, anauliza: amepata barua pepe yenye anuani yake mwenyewe kama mpelekaji. Inadai ameingiliwa kompyuta, alipe Bitcoin au siri zake zitasambazwa. Alipe?

Asilipe wala asijibu. Utaratibu wa kupeleka barua pepe, uliowekwa mwaka 1982, haukumhakiki mpelekaji. Ni kama bahasha, yeyote aweza kuiandika jina lako. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakiki habari ya fasiki, na huyu hata jina ameliiba! Kama kweli pana dhambi, toba ni kwa Mola, si kwa mwizi.

Lakini ikitaja nenosiri lako la kweli, huenda limevuja kwengineko: libadilishe kila ulipolitumia. Wallahu a'lam.