Je, Wajua? Uganga wa Waingereza wa kale ulikuwa wimbo

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, maneno ya kiganga yaliitwa galdor. Neno hilo limetokana na kitenzi galan, yaani kuimba. Mganga wao, basi, alikuwa kwanza mwimbaji.

Baadhi ya nyimbo hizo zimo katika muswada uitwao Lacnunga, ulioandikwa takribani miaka 1,000 iliyopita na sasa umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza, London. Wimbo mmojawapo ni wa kutibu kichomi cha ghafla. Mitishamba mitatu huchemshwa katika siagi, kisha mwimbaji huukabili ugonjwa kana kwamba ni adui: maumivu ni mkuki mdogo uliorushwa na wanawake wenye nguvu, naye anauamuru utoke mwilini. Mwishoni kisu hutiwa ndani ya dawa. Wimbo wenyewe haukai kinyonge hata kidogo. Ni wa kivita.

Galdor limekufa, lakini kitenzi chake kimejificha ndani ya nightingale, jina la ndege maarufu kwa kuimba usiku. Ndilo pia jina la ukoo la Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri. Uimbaji na tiba vikakutana tena, japo kwa bahati tu.

Mahali pa galdor pamechukuliwa na charm, neno lililoingia kupitia Kifaransa. Asili yake ni carmen la Kilatini, na maana yake ni wimbo vilevile.