Solomon Carter Fuller, Mtafiti na Mfasiri wa Ugonjwa wa Alzheimer

Ugonjwa wa Alzheimer huharibu ubongo polepole: humnyima mtu kumbukumbu, kisha usemi, hatimaye hata majina ya watoto wake. Daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza hadharani mwaka 1906. Miongoni mwa wale waliofanya utafiti kwake mjini Munich, mwaka 1904 hadi 1905, alikuwamo Mwafrika, Solomon Carter Fuller.

Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Marekani, akajikomboa kwa fedha zake. Mjukuu alikwenda huko mwaka 1889, akahitimu udaktari Boston mwaka 1897.

Mwaka 1911 alichapisha uchunguzi wake juu ya mabaka madogo yanayoonekana kwa darubini katika ubongo wa wazee. Mwaka 1912 alikusanya habari za wagonjwa waliokwisha kuelezwa na wataalamu, akaifasiri kwa Kiingereza taarifa ya Alzheimer. Lakini mfasiri huyo hakuwa mwangwi wa mwalimu wake: alikataa kuyahesabu mabaka kuwa alama pekee ya ugonjwa. Swali hilo lingali hai, kwani baadhi ya wazee hufa wakiwa na akili timamu, ilhali ubongo wao umejaa mabaka yale yale.

Alifundisha Chuo Kikuu cha Boston zaidi ya miaka 30. Mwaka 1933 Mzungu aliyekuwa chini yake alipewa uprofesa kamili, Fuller akajiuzulu. Alifariki mwaka 1953. Cheo alinyimwa, bali hoja yake haijapata mjibu.