Uchapaji wa Nyaraka kwa Chama Kinachochapa kwa Nadra

Siku chache kabla ya Mkutano Mkuu, kazi za katibu wa chama cha msingi huwa nyingi. Taarifa ya mapato na matumizi haina budi kuwa tayari, makisio ya mwaka ujao yanatakiwa kusomwa mbele ya wanachama, na tangazo la mkutano linangoja kubandikwa ghalani na kwenye mbao za matangazo vijijini. Ni wakati huo hasa ambapo printa iliyokaa kimya tangu msimu wa mauzo hugoma. Inanguruma, inavuta karatasi, kisha inatoa ukurasa wenye mistari myeupe, au ukurasa usio na neno hata moja. Katibu hununua wino mpya, na pengine wino huo nao usifae kitu. Mwishowe hupanda gari kwenda mjini, na chama kinakuwa kimelipa mara tatu: kimelipa printa, kimelipa wino, na kimelipa nauli.

Hasara ya namna hii aghalabu haitokani na uzembe wa katibu. Hutokana na kununua chombo kisicholingana na kazi iliyopo. Printa ambayo bei yake dukani ni ndogo kuliko zote huweza kuwa ndiyo yenye gharama kubwa kuliko zote kwa mtu anayechapa kwa nadra. Kwa kuwa fedha ya kununulia vifaa ni fedha ya wanachama, yafaa jambo hili lieleweke vizuri kabla Bodi haijapitisha ununuzi wowote.

Wino wa maji na wino wa unga

Zamani ofisi za ushirika zilitegemea taipureta, karatasi ya kaboni, na mashine ya kudurufu kwa stensili, ambayo David Gestetner aliieneza kutoka London tangu miaka ya 1880. Vyombo hivyo vilikuwa vizito na vya kuchosha, lakini vilistahimili kukaa muda mrefu bila kutumiwa. Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilianza kuuza printa za aina mbili kwa ofisi za kawaida: moja ya wino wa maji, na nyingine ya leza itumiayo wino wa unga. Aina hizo mbili ndizo zilizoenea hadi leo, na tofauti kati yake ndiyo kiini cha suala hili.

Printa ya wino wa maji hurusha matone madogo sana ya wino kupitia matundu membamba kuliko unywele. Sehemu kubwa ya wino huo ni maji. Printa ikikaa majuma mengi bila kazi, maji hukauka kwenye matundu na rangi hubaki imeganda. Ili kuyazibua, printa hujisafisha kwa kusukuma wino kwa nguvu, na wino huo humwagika ndani ya mashine bila kuchapa herufi hata moja. Hivyo basi, mtu anayechapa kwa nadra hutumia sehemu kubwa ya wino wake kusafishia badala ya kuchapia. Aidha, printa nyingi za rangi hukataa kuchapa barua ya wino mweusi ikiwa rangi moja tu imekwisha.

Printa ya leza hutumia unga mkavu uitwao tona. Unga huo hushikamana na karatasi kwa nguvu ya umeme, kisha huyeyushwa kwa joto na kugandamizwa hadi ukashika. Kwa kuwa ni mkavu tangu mwanzo, hauna cha kukauka. Printa ya leza iliyofunikwa vizuri yaweza kukaa miezi sita kabatini na kuchapa siku ileile inayowashwa. Tena maandishi yake hayachuruziki yakipata unyevu kama ya wino wa maji, jambo lenye maana kwa mihtasari na daftari za hisa zinazotakiwa kudumu miaka mingi.

Ipo pia printa ya tangi, ambayo ni ya wino wa maji lakini hujazwa kwa chupa badala ya katriji. Kwa hesabu ya wino peke yake, printa hiyo huweza kuishinda hata ya leza kwa unafuu. Walakini matundu yake huziba vilevile. Inamfaa anayechapa kila juma, au katibu mwenye nidhamu ya kuchapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila juma, hata asipokuwa na kazi.

Mambo matatu ya kuhesabu

Kabla ya kuuliza bei ya printa, katibu na ahesabu mambo matatu. La kwanza ni idadi ya kurasa ambazo chama huchapa kwa mwaka. La pili ni nauli ya kwenda na kurudi kwenye duka la karibu linalochapa. La tatu ni muda mrefu kuliko wote ambao printa hukaa bila kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nazo karatasi za ofisi ni mali pia.

Ichukuliwe kwa mfano chama chenye wanachama 150. Bodi hukutana mara nne kwa mwaka. Muhtasari una kurasa nne na hutolewa nakala 11, jumla kurasa 176. Barua ni tano kwa mwezi, kila moja nakala mbili, jumla 120. Taarifa ya mwezi ina kurasa mbili, nakala mbili, jumla 48. Matangazo ya mkutano ni sita. Hizo ni kurasa 350. Kwa Mkutano Mkuu, kila mwanachama hupewa muhtasari wa hesabu wenye kurasa nne, jumla kurasa 600. Mwaka mzima ni kurasa 950.

Bei zinazofuata ni za kukisia tu, ili njia ya hesabu ionekane. Kila katibu aweke mahali pake bei za sokoni kwake.

Ikiwa duka hutoza shilingi 200 kwa kuchapa ukurasa na shilingi 100 kwa fotokopi, kurasa 350 ni shilingi 70,000. Zile za Mkutano Mkuu huchapwa nne tu, zilizosalia 596 zikatolewa fotokopi, jumla shilingi 60,400. Mwaka mzima ni shilingi 130,400. Lakini duka likiwa mbali, na katibu akisafiri mara moja kila mwezi kwa nauli ya shilingi 6,000 kwenda na kurudi, huongezeka shilingi 72,000, na jumla hufika shilingi 202,400.

Printa ya leza ya shilingi 600,000 ikidumu miaka mitano ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Tona ya shilingi 105,000 ikitoa kurasa 1,500 ni shilingi 70 kwa ukurasa, na karatasi ya rimu ya shilingi 15,000 ni shilingi 30. Kurasa 950 kwa shilingi 100 ni shilingi 95,000. Jumla kwa mwaka ni shilingi 215,000.

Printa ndogo ya katriji ya shilingi 180,000 ikidumu miaka mitatu ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Katriji ya shilingi 45,000 ikitoa kurasa 180 ni shilingi 250 kwa ukurasa, na pamoja na karatasi ni shilingi 280. Kurasa 950 ni shilingi 266,000, na jumla ni shilingi 326,000 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu wino unaokauka.

Kutokana na mfano huu yaonekana wazi kwamba printa iliyokuwa rahisi dukani ndiyo ghali ofisini. Yaonekana pia kwamba chama kilicho karibu na duka hakina sababu kubwa ya kununua printa yoyote. Kwa chama kilicho mbali, ni nauli inayoamua, wala si bei ya kuchapa.

Printa moja kwa vyama vitatu

Vyama vitatu jirani vikinunua printa moja ya leza kwa pamoja, mchango wa kila chama katika mfano huo unashuka kutoka shilingi 120,000 hadi shilingi 40,000 kwa mwaka. Kila chama kikichapa kurasa 950, gharama yake yote ni shilingi 135,000, karibu sawa na ile ya chama kilicho jirani na duka. Huu ndio ushirika wenyewe, na faida nyingine ni kwamba printa haikai kimya muda mrefu.

Mpango huo hauna budi kuandikwa. Ikubaliwe printa itakaa ofisi ipi, nani ana ufunguo, na kila ukurasa unalipiwa kiasi gani ili tona na matengenezo yapatikane. Karibu na printa liwekwe daftari lenye tarehe, jina la chama, idadi ya kurasa na sahihi. Printa nyingi za leza huweza kuchapa taarifa ionyeshayo jumla ya kurasa zilizotoka tangu ilipotengenezwa. Jumla hiyo ilinganishwe na daftari kila mwisho wa mwezi. Bila daftari, printa ya wote huwa printa ya asiyelipa.

Suala la umeme

Printa ya leza ina upungufu mmoja ambao wauzaji aghalabu hawautaji. Kwa kuwa inayeyusha unga kwa joto, huvuta mamia ya wati inapochapa, na inapowaka huweza kufikia wati 1,000 au zaidi kwa muda mfupi. Mfumo mdogo wa umeme wa jua unaotosha taa, simu na kompyuta ya mkononi hauwezi kuibeba. Printa ya wino wa maji hutosheka na wati chache zisizozidi za taa moja ya zamani. Ofisi isiyo na umeme wa gridi haina budi kuchagua kati ya printa ya tangi, pamoja na nidhamu ya kuchapa kila juma, na kuendelea kutumia duka.

Kuchapa dukani kwa usalama

Katibu anayetumia duka ahifadhi waraka wake kwa mfumo wa PDF, ili mistari na majedwali yasivurugike katika kompyuta ngeni. Apeleke kazi zote za mwezi kwa safari moja. Kwa nakala nyingi, achape nakala moja safi na nyingine azitoe kwa fotokopi.

La muhimu zaidi ni siri za wanachama. Orodha yenye majina, namba za simu na madeni ya watu haifai kuachwa katika kompyuta ya duka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Katibu asimame hapo hadi kazi iishe, ahakikishe waraka umefutwa, na aondoke na kurasa zote, hata zile zilizoharibika.

Kwa mwanachama nyumbani

Yaliyosemwa kuhusu ofisi yanahusu nyumba pia. Mzazi anayechapa fomu ya shule, barua ya maombi ya kazi na nakala ya mkataba wa shamba huenda asifikishe kurasa 30 kwa mwaka. Huyo hahitaji printa. Kwa bei ya mfano wa hapo juu, kurasa 30 dukani ni shilingi 6,000. Ikiwa watoto wana kazi nyingi za shule na duka liko mbali, majirani wanne au watano waweza kununua printa ndogo ya leza ya wino mweusi kwa mpango uleule wa daftari.

Mambo ya kuzingatia wakati wa kununua

Kwanza, muuzaji aulizwe bei ya tona na idadi ya kurasa zake kabla ya bei ya printa. Tona inayokuja ndani ya printa mpya mara nyingi haijajazwa kamili. Idadi ya kurasa iandikwayo kwenye boksi la tona nyeusi kwa kawaida hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, na hutegemea maandishi ya kawaida. Picha na majedwali yenye vivuli hupunguza idadi hiyo.

Pili, ihakikishwe kwamba tona ya aina hiyo inapatikana katika mji wa karibu.

Tatu, karatasi zihifadhiwe mahali pakavu ndani ya kifungashio chake, kwani karatasi yenye unyevu hukwama. Rimu ya karatasi 500 za A4 zenye uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba hupaswa kuwa na uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Chama chenye mizani ya kupimia mazao kisikubali kuuziwa karatasi nyepesi kwa bei ya nzito.

Nne, risiti zilizochapwa kwa joto, kama zile za mashine za kielektroniki za madukani, hufifia zikikaa kwenye mwanga na joto. Zitolewe fotokopi kabla ya kuwekwa katika jalada, ili mkaguzi azikute zinasomeka.

Makatibu wanashauriwa kuanza kuhesabu kurasa za ofisi zao mwezi huu, na kuendelea hadi makisio yajayo yatakapoandaliwa. Bodi itakapoulizwa na wanachama kwa nini imenunua printa, au kwa nini haikununua, daftari hilo ndilo litakalojibu.