Namba Huanzia Stoo

Lita 120. Lita 120. Lita 120. Ukurasa mzima wa daftari la dizeli ulikuwa hivyo, siku kumi na nane mfululizo, mwandiko uleule, wino uleule. Nilikuwa nimetumwa kukagua takwimu za mazingira na usalama kwenye jengo la ghorofa nane jijini Dar es Salaam, na asubuhi ile, kabla sijafika saiti, makao makuu ya kampuni walikuwa wamenionyesha mchoro wa rangi uliosema matumizi ya mafuta "yametulia".

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, injinia. Karibu. Leo tena dizeli?"

"Dizeli, mzee. Hili jenereta linakunywa sawasawa kila siku, hata Jumapili?"

Mzee, mtunza stoo, akacheka. Kijiti cha kupimia tangi kilipotea mwezi uliopita, akaniambia. Ameomba kingine, hakijaletwa, basi anaandika ilivyozoeleka.

Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mzee aliandika kwa nia njema, karani akajumlisha, ofisa mazingira akachora, mkurugenzi akasoma na kupongeza. Kosa lilipanda ngazi likibadilisha nguo tu, na lilipofika juu lilikuwa limevaa suti.

Siku hizi si ajabu kampuni ya ujenzi kutangaza malengo: kupunguza hewa ya ukaa, kutopoteza mtu hata mmoja, kutupa kifusi kidogo, kuajiri wanawake zaidi. Benki huyauliza kabla ya kukopesha, na wenye miradi mikubwa hutaka kuona cheti cha ISO 14001 kwa mazingira na ISO 45001, kiwango kilichotoka 2018, kwa usalama kazini. Kwetu Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na wakaguzi wa serikali wana haki ya kubisha hodi. Yote haya ni mazuri. Lakini malengo hayo hayafuatiliwi kwenye ripoti ya mwaka yenye picha za miti. Hufuatiliwa stoo, getini, na kwenye kile kikao cha dakika kumi kabla kazi haijaanza.

Tuanze na hiyo dizeli. Lita moja ina uzito wa takribani gramu 840, lakini ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Kila semina kuna anayenyoosha mkono kuuliza uzito huo wa ziada umetoka wapi. Umetoka hewani. Kaboni iliyomo kwenye mafuta, ambayo ni gramu 700 na kidogo, hujishika na oksijeni inayovutwa na injini, na oksijeni ndiyo nzito. Kwa hiyo mhasibu wa hewa ya ukaa hahitaji kufunga kipimo kwenye bomba la moshi. Anahitaji lita, azizidishe. Jenereta likinywa lita 120 kwa siku limetoa kilo 320 hivi. Ndiyo maana kile kijiti ni kifaa cha kisayansi, hata kama ni tawi la mwarobaini.

Hesabu hizi hupangwa katika mafungu matatu, kwa utaratibu wa GHG Protocol uliotolewa mara ya kwanza 2001 na sasa unatumika karibu kila mahali. Fungu la kwanza ni kile unachokichoma mwenyewe: jenereta, kijiko, malori yako. La pili ni umeme unaoununua. La tatu ni mengine yote yaliyotokea kwa sababu yako lakini mikononi mwa wengine: saruji, nondo, vioo, malori ya kukodi. Kampuni nyingi hupenda kutangaza mafungu mawili ya kwanza, na ukiuliza la tatu unaambiwa "bado tunakusanya takwimu". Kwa mjenzi huko ni kuhesabu sisimizi huku tembo amesimama mlangoni.

Chukua saruji. Kuipata klinka, ambayo ndiyo kiini cha saruji, mawe ya chokaa hupikwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,450 hivi. Moto wenyewe unatoa hewa ya ukaa, sawa, lakini zaidi ya nusu hutoka ndani ya jiwe lenyewe linapovunjika kikemia. Hata ukipata moto usio na moshi, jiwe litatoa tu. Mfuko wa kilo 50 wa saruji iliyojaa klinka hubeba nyuma yake zaidi ya kilo 40 za hewa hiyo. Sasa piga hesabu ya slabu moja ya mita za ujazo 200: ni mifuko kama 1,300, yaani tani 52 au zaidi. Jenereta la mzee wetu lingehitaji kunguruma siku 160 ili lifikie slabu moja iliyomwagwa Jumamosi kuanzia alfajiri hadi usiku.

Hapo ndipo lengo la maana linapopatikana. Paneli za jua juu ya kontena la ofisi hupendeza kwenye picha. Mhandisi anayekaa na mchoraji na kupunguza unene wa slabu kwa sentimita mbili, au anayekubali saruji iliyochanganywa pozolana badala ya sehemu ya klinka pale ambapo nguvu za mapema hazihitajiki, amefanya kazi kubwa zaidi kwa siku moja kuliko paneli hizo kwa mwaka. Lakini ili kampuni ijue amefanya hivyo, lazima aina ya saruji iandikwe kwenye hati ya kupokelea mzigo. Hati nyingi nilizowahi kuziona zimeandikwa neno moja tu: "simenti".

Kifusi nacho kina ujanja wake. Hakipimwi kwa kilo, kinahesabiwa kwa tripu. Lori likitoka getini linaandikwa, na likifika linakoshusha dereva anapewa tiketi. Jioni unalinganisha. Siku moja kitabu cha geti kilisema tripu 12, tiketi zikawa tisa. Tripu tatu zilikuwa zimepotelea mjini. Wenyeji wa Dar wanajua vibao vya "kifusi kinahitajika" vilivyopigiliwa kwenye miti: mtu ana kiwanja kina shimo, dereva ana mzigo, wanaelewana. Je, hilo tuliite matumizi mapya au utupaji holela? Inategemea kiwanja kipo wapi. Kikiwa juu kilimani, umemsaidia mtu kusawazisha uwanja wake. Kikiwa bonde la Msimbazi, umeyasogeza mafuriko kwa jirani yake. Kitabu kisichoandika mahali kilikoshushwa kifusi hakiwezi kukueleza tofauti hiyo, na asilimia ya "taka zilizotumika tena" inayotokana nacho ni ya kubahatisha.

Nimekaa sana kwenye mazingira, lakini usalama ndio unaonikosesha usingizi.

Kipimo maarufu ni idadi ya majeraha yaliyomfanya mtu akose kazi, ikilinganishwa na saa zilizofanywa kazi. Tuseme kampuni ina watu 180, kila mmoja saa 45 kwa wiki, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida katika sheria yetu ya ajira, kwa wiki 50. Hizo ni saa 405,000. Wameumia wawili. Ukihesabu kwa kila saa milioni moja, unapata 4.9. Wamarekani huhesabu kwa kila saa 200,000, yaani watu 100 wakifanya saa 40 kwa wiki 50, na kwa hesabu yao kampuni ileile ina 0.99. Watu walewale, vidole vilevile vilivyovunjika. Ukiona kampuni inajisifu kuwa chini ya moja, kwanza uliza imegawanya kwa nini.

Pili, uliza nani yumo kwenye hesabu. Fundi wa kudumu yumo. Kibarua wa siku, aliyechukuliwa getini asubuhi na kulipwa jioni, mara nyingi hayumo. Yeye akichomwa na msumari anafungwa kitambaa, anapewa nauli, na kesho anasimama mwingine mahali pake. Mbaya zaidi, zipo kampuni ambazo saa zake zimo kwenye jumla, maana zinakuza kigawanyo, lakini jeraha lake halimo. Wafanyakazi wa mkandarasi mdogo husahauliwa vivyo hivyo. Na kwa kuwa kipimo kinahesabu siku zilizokosekana, kuna dawa yake: saiti moja niliyoikagua, fundi aliyevunjika kidole cha mguu aliletwa kwa gari kila asubuhi, akakalishwa stoo kuhesabu glovu. Hakukosa siku hata moja. Ubao wa getini wa "siku bila ajali" uliendelea kupanda, naye akiutazama dirishani.

Ubao huo ndio nisioupenda. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua watu 11. Siku ileile humo ndani walikuwamo wakubwa wa BP na wa Transocean, kampuni yenye mtambo, katika ziara ambayo pamoja na mengine ilikuwa ya kuupongeza kwa miaka saba bila jeraha la kumkosesha mtu kazi. Namba ilikuwa ya kweli. Ilihesabu vidole na migongo, wakati hatari iliyokuwa inakuja ilikuwa kisimani, na hiyo haikuwa na safu kwenye jedwali.

Kwa mazingira mfano ninaoukumbuka ni wa Sweden, mlima Hallandsås, 1997. Kampuni ya ujenzi ya Skanska ilikuwa inachimba handaki la reli, maji yakawa yanavuja, wakatumia kemikali ya kuziba nyufa yenye akrilamidi. Kemikali ikaingia kwenye kijito. Samaki wakafa, ng'ombe waliokunywa maji yale wakaanza kupooza, na wafanyakazi kadhaa wakapata ganzi. Kazi ikasimamishwa, na handaki lilikuja kufunguliwa mwaka 2015. Kampuni ilibadilika baada ya hapo, na cheti cha ISO 14001 kwa shughuli zake zote ikakipata mapema kuliko washindani wengi. Lakini walioleta habari kwanza walikuwa samaki na ng'ombe.

Kwa hiyo kampuni makini haingoji majeruhi ili ijue hali yake. Inahesabu mambo yanayotangulia: jukwaa limekaguliwa mara ngapi wiki hii, nondo zilizosimama zimevikwa vifuniko au la, kikao cha asubuhi kilihudhuriwa na wangapi na nani aliongea. Juu ya yote inahesabu nusura. Tofali limedondoka kutoka ghorofa ya tano, halijampata mtu: hiyo ni nusura. Hapa wakurugenzi wengi huteleza. Nusura zikipanda kutoka tatu hadi arobaini kwa mwezi, wanaitisha kikao cha dharura, wakati wangepaswa kununua soda. Matofali hayajaanza kudondoka mwezi huu. Yalikuwa yanadondoka siku zote, ila sasa kuna kijana ambaye haogopi kusema. Saiti ya watu 180 yenye nusura sifuri kwa miezi sita ina watu waliojifunza kunyamaza.

Kuhusu wanawake nitasema kidogo, ingawa si jambo dogo. Asilimia haitoshi. Uliza wanafanya nini: kama wote wanabeba maji na kufagia, namba imetimia na lengo halijatimia. Kisha uliza choo chao kiko wapi na kama kina kitasa kwa ndani. Nimeona malengo ya miaka mitano yakikwama kwenye kitasa cha shilingi elfu chache.

Turudi stoo. Sikuandika kwenye ripoti kwamba mzee amekosea. Niliandika kwamba tangi halina kipimo tangu mwezi uliopita na kwamba mchoro wa makao makuu ufutwe kwa kipindi hicho. Nilipopita tena baada ya wiki, kijiti cha kununua kilikuwa bado "kinashughulikiwa". Mzee alikuwa amechoka kungoja. Alitafuta ufito ulionyooka, akamwaga dizeli tangini kwa ndoo ya lita 20, na kila ndoo iliyoingia akaukata ufito alama kwa kisu pale mafuta yalipofikia. Akanionyesha ukurasa mpya: 96, 141, 118, na Jumapili 0.

Jumatatu ofisa mazingira akanipigia simu kutoka makao makuu. Mchoro umeharibika, akasema, mistari inaruka juu na chini, na bosi anauliza kuna nini kimetokea huko saiti.