Maambukizi kwa mgonjwa wa saratani wa hatua za mwisho

Mgonjwa wa saratani aliyefikia hatua za mwisho hupata maambukizi upesi, maana kinga yake imedhoofika. Je, kila homa itibiwe kwa antibaiotiki? Hapana. Muulizeni daktari: dawa hii itampunguzia taabu gani?

Mkojo unaochoma mara nyingi hutulia kwa vidonge. Utando mweupe mdomoni, unaomzuia kumeza hata uji, mara nyingi ni fangasi na hutibiwa kwa dawa ya fangasi. Kisha kuna kidonda kinachonuka, kama cha saratani ya matiti, ambacho huwafanya hata ndugu wakae mbali (jambo linalomuumiza mgonjwa kuliko kidonda chenyewe). Muuguzi anaweza kuwaelekeza kukisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kukinyunyizia unga wa vidonge vya metronidazo, ambayo wengi huijua kwa jina la Flagyl. Harufu hupungua baada ya siku chache.

Nimonia ya siku za mwisho ni tofauti. Sindano na dripu huenda zisirefushe maisha, zikamwongezea maumivu tu. Hapo daktari akiamua kuziacha, hajamtelekeza mgonjwa wenu: ataandika mofini ya maji kidogo kupunguza kuhema, nanyi mnyanyueni kichwa kwa mito na kumlowanisha midomo.