Mfereji wa Bafuni Unaodondosha Maji

Watu wengi wa Eldoret, wasikiapo mfereji wa bafuni ukidondosha maji usiku, huukaza kwa nguvu zote. Mfereji hunyamaza siku chache, kisha hudondosha zaidi ya kwanza.

Ndani ya mfereji wa kawaida mna kipande cha mpira mviringo, kadiri ya kifungo cha koti, ambacho mafundi hukiita washa. Mkono ukizungushwa, mpira huo hushuka ukaziba mdomo wa shaba upitishao maji. Ukichakaa, au ukikatwa na chembe za mchanga zijazo maji yarudipo baada ya kukatika, maji hupata njia. Kuukaza sana huuponda, na mwishowe mdomo wenyewe wa shaba hukwaruzika. Hapo washa mpya peke yake haitoshi.

Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Asiyeamini kuwa ni mengi na aweke ndoo chini ya mfereji tangu jioni hata asubuhi. Maji hayo yametoka mbali, mengine katika bwawa la Chebara huko Elgeyo-Marakwet, nayo yamesafishwa kabla ya kuletwa mjini. Yakipita katika mita ya kampuni ya maji ya ELDOWAS hulipiwa, yawe yameogewa au yameingia shimoni bure.

Mwenye nyumba aweza kuutengeneza mwenyewe akiwa na spana mbili na washa ya inchi nusu, ambayo si ghali. Kwanza afunge maji penye mita, kisha aufungue mfereji hata ukauke. Tundu la sakafuni alizibe kwa kitambaa, maana nati ndogo hupenda kupotelea humo. Spana moja ishike mfereji kwa imara, ili bomba lililo ukutani lisigeuke na kuvunjika. Ya pili ifungue nati kubwa ya juu kuelekea kushoto. Washa ya zamani itolewe, mdomo wa shaba upapaswe kwa kidole kama una mikwaruzo, na washa mpya itiwe. Baada ya kufunga tena, maji yafunguliwe polepole.

Mifereji ya siku hizi ifungukayo kwa robo mzunguko tu mingi haina mpira. Ndani yake mna visahani vya kauri, na hiyo hubadilishwa moyo wake wote. Mwenye nayo auchukue moyo wa zamani dukani, ili apewe wa kipimo kile kile.